Suali la Salma kwenye kikundi cha familia

*Salma:* Asalaam aleikum nyote. Ami Khamis upo? Kesho tuna mtihani wa kemia. Dalton, Thomson, Rutherford, Bohr, nimeshahifadhi wote na miaka yao. Kinachonishinda ni kwa nini modeli ya atomu ilikuwa ikibadilika kila mara.

*Ami Khamis:* Waaleikum salaam mwanangu. Tazama kilichowalazimisha wabadilike. Dalton, 1808, alisema atomu haigawiki, na hesabu zake za kemia zilikwenda. Mwaka 1897 Thomson akagundua elektroni, nyepesi kuliko atomu yoyote. Basi atomu ina vipande!

*Salma:* Ndio akasema elektroni zimepachikwa ndani ya bonge la chaji chanya.

*Ami Khamis:* Naam. Sasa njoo Manchester, 1909. Geiger na Marsden, katika maabara ya Rutherford, wanarusha chembe za alfa, yaani vipande vyenye chaji chanya vinavyotoka kwenye madini ya mnururisho, kwenye karatasi ya dhahabu nyembamba mno. Kama Thomson yuko sawa, zote zitapita, zipinde kidogo tu. Rutherford akamwambia Marsden atazame kama ipo inayorudi nyuma. Kijana wa miaka 20, bado mwanafunzi! Wakikaa gizani, jicho kwenye hadubini, wakihesabu kimoja kimoja vimweko vya mwanga ambavyo alfa hutoa zikigonga kioo. Nampenda sana kijana yule. Na kweli zikarudi, chache mno, lakini zikarudi.

*Shangazi Time:* Zimegonga nini?

*Ami Khamis:* Suali hilohilo dada. Alfa ni nzito kuliko elektroni mara zaidi ya 7,000, kwa hiyo elektroni haiwezi kuirudisha. Mwaka 1911 Rutherford akajibu: chaji chanya yote, na karibu uzito wote, umo katika kiini kidogo katikati. Atomu ikiwa uwanja wa mpira wa Gombani, Pemba, mzima, kiini ni karafuu moja.

*Shangazi Time:* Subhanallah! Na kwengine kote?

*Ami Khamis:* Elektroni tu.

*Salma:* Na Bohr?

*Ami Khamis:* Kwa Rutherford elektroni huzunguka kiini. Lakini kwa sheria za zamani za fizikia, elektroni inayozunguka hutoa mwanga, hupoteza nishati, ikaangukia kiini mara moja. Mbona haianguki? Bohr, 1913: ina viwango maalumu vya nishati, na hutoa mwanga inaposhuka kutoka kimoja hadi chengine. Mistari ya mwanga wa haidrojeni, yaani zile rangi maalumu tu inazotoa, ikakubali. Atomu zenye elektroni nyingi zikamshinda.

*Salma:* Nyutroni?

*Ami Khamis:* Chembe nyengine ya ndani ya kiini, aliigundua Chadwick, 1932. Haina chaji, ndio ikachelewa kuonekana.

*Salma:* Kwa hiyo wakiuliza udhaifu wa modeli ya Rutherford, niandike elektroni ingeanguka?

*Ami Khamis:* Hasa. Ongeza na mistari ya haidrojeni, kwamba haikuweza kuieleza.

*Shangazi Time:* Na Marsden umtaje.