Tupeane uzoefu: uliiandikia nini chatboti, ikakujibu nini, na ulibadilisha nini?

KaramuNzito
Ndugu wadau, salaam. Nimepewa kazi ya kupitia maelekezo ambayo wenzangu huiandikia chatboti, ili tuelewe kwa nini watu wawili wenye ripoti ileile mkononi hutoka na majibu yasiyoshabihiana hata kidogo. Kuyasoma kumenirudisha mwishoni mwa mwaka 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma na sote tukawa tunaiandikia kama tunavyotafuta kitu mtandaoni: maneno mawili matatu, kisha tunakaa tukisubiri maajabu.

Nianze na mfano mmoja. Maelekezo yalikuwa "Fupisha ripoti hii," basi. Mmoja aliletewa orodha ya vichwa vya sura, mwingine akaletewa aya ndefu za kuusifia mradi, na kiasi cha fedha kilichobaki, ambacho ndicho mkurugenzi alichokuwa akikitaka, hakikuwamo katika jibu lolote. Tuliyaandika upya hivi: "Fupisha ripoti hii kwa aya mbili. Msomaji ni mkurugenzi ambaye hajaisoma na ambaye leo ataamua kama mradi uendelee au usimamishwe. Tarakimu zibaki kama zilivyo. Palipo na utata, usiutatue, taja ukurasa." Sentensi ya pili ndiyo iliyofanya kazi kubwa, kwa sababu mashine ikishajua nani anasoma na anataka kuamua nini, ina kipimo cha kuchagua lipi libaki na lipi liachwe. Naomba kila mwenye kisa akilete kwa mtindo huo. Nasaha za jumla zimejaa kila mahali, hapa tulete maandishi yenyewe.

MwalimuWaZamu
Umenigusa panapouma. Nilikuwa nikiandika "Tunga maswali kumi ya hesabu za sehemu kwa darasa la tano," nikaletewa maswali ambayo mengine yanamfaa mtoto anayeanza kuhesabu na mengine yangenitoa jasho mimi mwenyewe. Dawa yake ilikuwa kuipa maswali mawili yaliyokwisha kukokotolewa, moja rahisi na moja gumu, nikaitaka itunge mengine yanayoangukia kati ya hayo. Jambo hili lina mizizi: watafiti walioitambulisha GPT-3 mwaka 2020 walionyesha kwamba mifano michache ndani ya maelekezo inaweza kuiongoza modeli, yaani ule mfumo unaotunga majibu ndani ya chatboti, kwenye kazi mpya bila kuifunza upya.

Ila kuna mtego ambao sikuwahi kuusikia ukitajwa. Mifano yangu yote miwili ilihusu machungwa, na maswali yote niliyoletewa yakahusu machungwa: yaliyogawanywa, yaliyoliwa, yaliyooza, yaliyopotea njiani. Modeli huiga hata kile ambacho hukukusudia kiigwe. Siku hizi mfano mmoja unahusu urefu wa kamba na mwingine unahusu muda wa safari, na ninaandika waziwazi kwamba kinachoigwa ni ugumu wa swali, wala si mada yake.

SomaKimya
Machungwa hayo nayafahamu. Kwangu yalikuja kama "kwa unyenyekevu mkubwa," ambayo ilikuwamo katika barua moja ya mfano na sasa imo katika kila barua, hata ya kumdai mtu.

FundiMsimbo
Naongeza la upande wa programu. Wengi bado hubandika "fikiri hatua kwa hatua" mwishoni mwa kila ombi. Yalikuwa na maana yake: tafiti za mwaka 2022, zikiwamo za watafiti wa Google, zilionyesha kwamba modeli kubwa zikitakiwa kuandika hatua za hoja kabla ya jibu hufanya vizuri zaidi katika hesabu na mafumbo ya mantiki. Modeli huandika tokeni, yaani neno au kipande cha neno, moja baada ya nyingine, na kila moja hutegemea zilizotangulia, kwa hiyo jibu likitangulia hoja, hoja zinazofuata huwa ni utetezi wa kitu kilichokwisha kukisiwa. Lakini modeli mpya zilizofunzwa kufikiri kabla ya kujibu hulifanya hilo zenyewe, na kuzikumbusha mara nyingi hakuongezi kitu. Kisichopitwa na wakati ni kuziba pengo: taja toleo la programu, bandika ujumbe wa kosa mzima kama ulivyo, na ueleze ulichokwisha kujaribu. Anayeandika "Msimbo wangu haufanyi kazi, urekebishe" ameacha pengo, na pengo hilo litajazwa kwa kubahatisha.

BwanaUbingwa
Fundi, umeacha msingi wa yote. Kila ombi langu huanza na "Wewe ni mtaalamu bingwa wa fani hii mwenye uzoefu wa miaka thelathini," na tofauti naiona kwa macho yangu.

FundiMsimbo
Unaiona tofauti ya sauti, ndugu yangu. Ukiiita bingwa itatumia msamiati wa mabingwa na itapunguza kusitasita, lakini jambo isilolijua haitalijua kwa kupandishwa cheo. Chukua swali ambalo jibu lake unalo, liulize mara kadhaa ukiwa umeipa cheo na mara kadhaa bila cheo, kila mara katika mazungumzo mapya, kisha hesabu makosa.

BwanaUbingwa
Mimi si mtafiti, natafuta riziki. Wateja wangu hawajalalamika.

DadaHakiki
Hawajalalamika, au hawajakagua?

MjukuuWaPili
Mnisamehe kwa kuingilia ubishi, lakini neno la Fundi kuhusu pengo limenifukulia jambo ambalo katika ukoo wetu bado halizungumzwi kwa sauti.

Mjomba wetu alipofariki, binamu yangu alipewa jukumu la kuandaa wasifu wa marehemu. Muda ulikuwa mfupi na msiba ulikuwa na mambo mengi, hivyo akaiandikia chatboti maneno haya, ambayo baadaye sote tuliyaona kwenye simu yake: "Andika wasifu mrefu na wa kugusa moyo wa marehemu mjomba wetu. Alikuwa mwalimu, mpole, alipenda watu. Ameacha mjane na watoto. Uchukue dakika kumi kusomwa." Jibu lilikuja limenyooka, lina mtiririko, linaliza. Likachapwa, akakabidhiwa mzee mmoja anayeheshimika, ambaye alilishika mara ya kwanza akiwa amekwisha kusimama mbele ya waombolezaji.

Aya mbili za mwanzo watu walilia. Aya ya tatu ikasema marehemu alipata shahada ya uzamili ng'ambo kwa ufadhili, na wazee waliosoma naye wakaanza kutazamana. Kisha mzee akasoma, kwa sauti ileile ya taratibu, kwamba marehemu ameacha mjane na watoto watano.

Mjomba alikuwa na watoto wanne.

Mzee alinyamaza. Aliwafahamu watoto wale tangu wakiwa wachanga, na niliona kidole chake kikirudi nyuma juu ya karatasi kutafuta kama amekosea mstari. Minong'ono ikaanzia nyuma ikaja mbele. Mke wa mjomba hakuinua uso. Kabla jua halijazama, wanawake wawili walikuwa wamekwisha kutajwa kuwa ndiye mama wa huyo mtoto wa tano, na mmoja wao alikuwapo pale akiwagawia watu maji. Usiku binamu alisimamishwa mbele ya wakubwa akiwa na simu mkononi, akieleza kwamba hakuna mtu aliyesema kuna mtoto wa tano, na baba mkubwa akarudia swali moja tu: "Sasa hicho chombo kiliambiwa na nani?"

Hakikuambiwa na mtu yeyote, na hapo ndipo penye mada yetu. Binamu aliagiza maneno ya dakika kumi akiwa ametoa taarifa za nusu dakika. Zilizobaki zilipaswa kutoka mahali fulani, na modeli huzitoa kwenye kile ambacho wasifu wa namna hiyo kwa kawaida huwa nacho: shahada, ufadhili, idadi ya watoto inayosikika vizuri. Maelekezo tunayotumia sasa katika ukoo ni haya: "Tumia taarifa zilizo katika orodha hii pekee. Usiongeze jina, idadi, tarehe, cheo wala tukio. Panapokosekana jambo, andika HAPA PANAHITAJI TAARIFA. Urefu utokane na taarifa zilizopo. Kabla hujaandika, niulize maswali unayoyahitaji." Mara ya kwanza kuyatumia, iliuliza mambo ambayo sisi wenyewe tulilazimika kumpigia simu mtu mzima wa familia ili tuyajue.

SomaKimya
Na mjane alisemaje?

BwanaUbingwa
Huyo mtoto wa tano ameshajitokeza kudai urithi?

KaramuNzito
Wadau, tafadhali. Ni msiba wa watu.

MjukuuWaPili
Mjane alitaka aonyeshwe mazungumzo yale kwenye simu, akayasoma yote bila kusema neno, akairudisha simu. Mengine naomba nisiyaandike.

DadaHakiki
Pole sana, ndugu Mjukuu. Hata hivyo, kwa heshima zote, kosa hapo ni karatasi kusomwa hadharani kabla haijapitiwa na mtu wa ndani. Maelekezo mazuri hayafuti wajibu wa kukagua. Kumbukeni kesi ya Mata dhidi ya Avianca kule New York mwaka 2023: mawakili walipeleka mahakamani hoja zenye kesi ambazo ChatGPT ilizibuni, na wakatozwa faini ya dola 5,000. Mmoja wao alikwisha kuiuliza chatboti yenyewe kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamthibitishia. Kwa hiyo hata "Je, una uhakika?" si ukaguzi, ni kumuuliza mshtakiwa kama ana hatia.

MjukuuWaPili
Sikatai, dada. Lakini ukiwa na msiba nyumbani huna karani wa kupitia karatasi. Afadhali pengo lionekane kwa herufi kubwa, ili hata mzee anayesoma kwa mara ya kwanza alione na kulivuka.

FundiMsimbo
Nakubaliana na Mjukuu. Kuandika "usibuni" peke yake ni amri dhaifu, kwa kuwa modeli haina namna ya kutegemewa ya kutofautisha inachokijua na kinachosikika tu kuwa kweli. Kuipa njia halali ya kusema "sina" husaidia zaidi, pamoja na kuitaka inukuu sentensi ya waraka ulioipa kabla ya kutoa kila dai. Sentensi iliyonukuliwa unaweza kuitafuta ndani ya waraka na kuona kama ipo.

MtafsiriMkavu
Kuna pengo jingine ambalo sisi tunaoandika kwa Kiswahili hulikuta kila siku, nalo ni saa. Mteja alitaka tangazo la kikao cha "saa tatu asubuhi" liwafikie washirika wa nje kwa Kiingereza, na likatoka likiwaita watu saa tisa usiku. Tangu hapo kila wakati ninaouandika una tarakimu zake: saa tatu asubuhi, yaani 09:00.

Kuhusu ufasaha, nimeacha kuandika "tumia Kiswahili sanifu," kwa sababu ninacholetewa huwa ni sanifu kwa sarufi na kigeni kwa mifupa. Ninabandika aya mbili za maandishi mazuri ya aina ninayoitaka, ninaeleza nani anamwandikia nani na kama ni mkubwa wake au mdogo wake, kisha ninaandika vifungu ninavyovikataa, cha kwanza kikiwa "natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa mzima."

NyotaYaUsiku
Hakuna aliyegusia kusifiwa. Nilikuwa na mpango wa biashara na nikauliza, "Mpango huu ni mzuri, sivyo?" Nikasifiwa hadi nikaona aibu. Katika mazungumzo mapya nikabandika mpango uleule nikiandika, "Nimeletewa mpango huu na mtu anayeniomba nimkopeshe. Taja mambo matatu yatakayofanya fedha zisirudi." Mambo matatu yalikuja, na la pili lilikuwa zito kiasi kwamba nilifunga kompyuta. Wala si hisia zangu tu, kwani Aprili 2025 OpenAI yenyewe, kampuni inayoitengeneza ChatGPT, iliondoa sasisho la modeli yake ya GPT-4o baada ya kukiri kwamba lilikuwa limezidisha kujipendekeza.

DadaHakiki
Lakini umeiomba kasoro, ikakupa kasoro. Ungeomba sifa tatu ungepewa sifa tatu. Ni dosari ileile imegeuzwa shati.

NyotaYaUsiku
Kweli, ila sifa nilikuwa nazo za kutosha kichwani.

MwalimuWaZamu
Mimi naomba ushauri kuhusu mazungumzo marefu. Baada ya muda hunisahaulia sharti nililoliweka mwanzoni.

FundiMsimbo
Anza mazungumzo mapya, ubandike masharti pamoja na toleo la mwisho la kazi. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba modeli zilizopimwa zilitumia vizuri zaidi taarifa zilizokuwa mwanzoni au mwishoni mwa maandishi marefu kuliko zilizofukiwa katikati.

SomaKimya
Mimi sianzi upya kamwe, maana imekwisha kunizoea. Nalirudia tu sharti kwa herufi kubwa na kuweka "tafadhali."

BwanaUbingwa
Jaribu kuitishia kwamba utahamia kwa mshindani wake.

MgeniMpya
Nimesoma yote. Naombeni mnipitie haya maelekezo yangu: "Niandikie barua nzuri ya kuomba kazi."

BwanaUbingwa
Tanguliza "Wewe ni bingwa wa uajiri."

KaramuNzito
Karibu, Mgeni. "Nzuri" haina kipimo, iondoe. Andika hivi: "Hapa chini kuna tangazo la kazi na wasifu wangu. Kwanza orodhesha matakwa ya tangazo ambayo wasifu wangu unayatimiza, ukionyesha sehemu ya wasifu inayothibitisha, kisha yale usiyoyaona kabisa. Usiandike barua mpaka nijibu hayo ya pili." Ukishajibu, barua iwe ya ukurasa mmoja, na kila sifa ifuatwe na kazi uliyoifanya kweli.

MgeniMpya
Tangazo lina kurasa mbili. Nilibandike lote?

FundiMsimbo
Lote, ukiliwekea alama za kuonyesha linapoanzia na linapoishia ili lisichanganywe na maelekezo yako. Ila kwenye wasifu, futa kwanza namba ya simu na ya kitambulisho.