Ripoti ya floraidi kwa lugha ya kueleweka: akili bandia, mfasiri au mwanafunzi?

Kisima_UsaRiver: Wakuu, habari za jioni. Kamati yetu ya maji imepewa ripoti ya utafiti wa floraidi, yale madini yanayoyeyuka kwenye maji ya visima, Kiingereza kizito mwanzo mwisho. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji na watu wanataka kujua kama haya maji wanywe au waache. Niiweke kwenye programu ya akili bandia, nimlipe mfasiri, au nimtafute mwanafunzi wa Chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru anieleze?

MamaNeema: Akili bandia ni ya haraka, kwa kujisomea mwenyewe inatosha. Ila ukiiambia irahisishe, inapunguza hata tahadhari za mtafiti. Niliipa sentensi iliyosema floraidi nyingi imehusishwa na watoto kushuka darasani, ikanirudishia kwamba inapunguza akili. Ukisema hivyo mkutanoni, wazazi watalala macho.

Mfasiri_Arusha: Nisikufiche kaka, na hii ndiyo kazi inayonilisha. Ukinipa bila maelekezo nitakuandikia: "Ukolezi wa floraidi katika maji ya ardhini unazidi kiwango kinachopendekezwa." Ni sahihi kabisa, na nusu ya mkutano watasinzia. Mwambie mfasiri anamwandikia nani. Hapo utapata kitu kama hiki:

"Kuchemsha hakuondoi floraidi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chetu kina (weka namba ya ripoti). Mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi miaka ile meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, yanaweza kuota na madoa ya kahawia."

Kuchemsha nimekuweka mbele makusudi. Wengi wanachemsha wakidhani wamemaliza, kumbe maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki palepale na kuzidi kukolea.

Maabara_Tengeru: Mimi nasema mwanafunzi, kwa sababu karatasi huwezi kuiuliza. Muulize sampuli zilichotwa visima vipi, masika au kiangazi. Akikwambia tofauti ina umuhimu wa kitakwimu, usiende kutangaza kwamba ni kubwa. Maana yake haielekei kuwa imetokea kwa bahati tu. Inaweza kuwa ndogo sana.

Mstaafu_Moshi: Vyovyote utakavyochagua, kabla ya Jumamosi msomee mama mmoja asiye wa kamati, kisha akusimulie alichosikia. Usimuulize kama ameelewa, atasema ndiyo kwa heshima. Akikosea, rekebisha karatasi yako. Na waambie la kufanya pia: kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa.

Kisima_UsaRiver: Shikamoo mzee, asante sana. Basi kesho naenda Tengeru, nikirudi naandika mwenyewe kwa mpangilio wa Mfasiri na kumsomea jirani. Dada MamaNeema, nikiweka rasimu hapa utanikagulia palipozidishwa?

MamaNeema: Weka, na sentensi za Kiingereza uziweke pembeni nilinganishe.