Likizo ya siku 84 inakwisha: mtoto abaki na maziwa yapi?

Mama Nuru (Kigamboni), aliyeanzisha mada

Habari za leo, ndugu zangu. Binti yangu ametimiza wiki 9, ananyonya ziwa langu tu, na kadi yake ya kliniki inaonyesha kwamba anaongezeka uzito vizuri. Baada ya wiki 3 likizo yangu itakwisha na nitarejea kazini Posta, katikati ya Dar es Salaam. Nitalazimika kutoka nyumbani saa 12 asubuhi ili niwahi pantoni, na sitarudi kabla ya saa 12 jioni, kwa hiyo mtoto atashinda na dada wa kazi kutwa nzima.

Ninapima njia tatu. Ya kwanza ni kukamua maziwa yangu na kuyaacha kwenye jokofu, ingawa umeme wetu haukawii kukatika. Ya pili ni maziwa ya kopo, yaani ya unga ya watoto wachanga, mchana, kisha ziwa usiku. Ya tatu ni ushauri wa mama mkwe wangu, ambaye amelea watoto saba na ninamheshimu sana: maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kuzimuliwa kwa maji. Naomba waliopitia njia hizi wanilinganishie kwa uzoefu, na wenye kuuza bidhaa wanipishe.

Shangazi wa Moshi

Mwanangu, nianze na hiyo ya tatu, kwa kuwa ndiyo niliyoitumia kwa kifungua mimba wangu na ndiyo nisiyoirudia. Kwetu ng'ombe yuko nyuma ya nyumba na maziwa ni ya bure, hivyo hakuna aliyeona sababu ya kununua kingine. Mtoto alinenepa mashavu, tukafurahi, lakini choo chake kilikuwa kigumu kama punje za mahindi, na alipofika miezi 7 viganja vyake vilikuwa vimepauka hadi muuguzi wa kliniki akaagiza apimwe damu siku hiyo hiyo. Damu ilikuwa imepungua sana.

Nilielezwa kwamba maziwa ya ng'ombe yana madini chuma kidogo mno, na kwamba kwa mtoto mchanga yanaweza kuukwaruza utumbo ukavuja damu kidogo kidogo bila mtu kuiona chooni. Zaidi ya hayo, protini na chumvi zake ni nyingi kuliko figo changa zinavyoweza kuzihimili. Ukizimua kwa maji unapunguza chumvi, lakini unapunguza pia nguvu ya chakula, na chuma haliongezeki. Mkwe wako hakukosea nia, kwani hata mimi nilishauriwa na mama yangu mzazi. Mwambie kwamba maziwa hayo yatapata nafasi yake mtoto akishatimiza mwaka.

Nesi Mstaafu

Dada, nimefanya kazi katika wodi za wazazi kwa miaka mingi, na katika njia zako tatu ninachagua ya kwanza. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu wengi huiacha kwa kutojua hesabu yake.

Mtoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 6 anayenyonya ziwa pekee hutumia wastani wa mililita 750 kwa siku nzima, mchana na usiku. Ukigawa, ni kama mililita 30 kwa kila saa usiyokuwepo. Kwa saa zako 12 unahitaji takriban mililita 360, yaani chini ya vikombe viwili vya chai. Akina mama wengi hudhani wanatakiwa kujaza ndoo, wakiona mililita 60 chini ya chombo wanakata tamaa na kwenda dukani.

Kukamua kwa mkono ni hivi: nawa mikono kwa sabuni, kaa umetulia, weka kidole gumba juu na cha shahada chini, sentimita 3 au 4 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani kwanza, kisha bana na uachie, bila kuvuta wala kusugua ngozi. Kamua upande mmoja kwa dakika 3 hadi 5 mpaka mtiririko upungue, hamia wa pili, kisha urudie, na kwa jumla dakika 20 hadi 30 zinatosha. Anza leo, mara moja kila siku baada ya mtoto kunyonya asubuhi, ili hadi siku ya kuripoti kazini uwe na akiba na mkono uwe umezoea.

Kuhusu kuhifadhi, maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa 4 mahali ambapo joto halizidi nyuzi 25, na kwa joto la Dar es Salaam usizitegemee hata saa hizo. Ndani ya jokofu hukaa siku 4, na yaliyogandishwa hubaki katika ubora wake kwa miezi 6 hivi. Yakishayeyuka yasigandishwe tena, na yale ambayo mtoto ameyaonja akabakiza yamwagwe saa 2 zikipita. Usiyachemshe: weka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, kisha yazungushe taratibu, maana mafuta yake hupanda juu yakitulia na mtu asiyejua hudhani yameharibika.

Baba Pacha

Naomba kuitetea njia ya pili, si kwa sababu ni bora kuliko ziwa, bali kwa sababu ilitufaa. Mke wangu alijifungua pacha, akapata likizo ya siku 100 kwa mujibu wa sheria ya kazi ya mwaka 2004, na aliporudi kazini maziwa aliyokamua yalimtosha mmoja kwa shida. Tukaongeza kopo mchana, na usiku wote wawili wakawa wanyonyaji wa mama yao. Sasa wanakimbia.

Nitamke na ubaya wake, kwa kuwa mwoshaji wa vyombo nilikuwa mimi. Mtoto anayelelewa kwa kopo pekee hutumia takriban kilo 20 za unga katika miezi 6 ya kwanza, ambazo ni makopo 50 ya gramu 400. Zidisha kwa bei ya duka lako kabla hujaamua, kwa sababu nimewaona majirani walioanza vizuri, mwezi wa tatu wakawa wanapunguza kijiko ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na mtoto akakonda huku chupa imejaa.

Jambo lingine ambalo halikuwa likifahamika nyumbani kwetu ni kwamba unga ule haukuuliwa vijidudu vyote kiwandani. Maji yanapaswa kuchemka, yaachwe yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, na yatiwe unga yakiwa bado na nyuzi 70 au zaidi, kisha chombo kipozwe ndani ya maji baridi mpaka tone likidondoshwa kwenye kifundo cha mkono lisiunguze. Tulikuwa tukitumia maji vuguvugu ya chupa ya chai, na pacha wa pili aliharisha mara mbili kabla hatujaelekezwa.

Binti wa Kisauni

Mimi niko Mombasa. Mtoto wangu sasa ana miezi 8, na nilikamua kwa mkono tangu wiki ya 13 hadi mwezi wa sita. Sheria yetu ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, na inampa mama muda wa jumla ya saa 1 katika kila saa 8 za kazi. Afisi yangu ilikuwa na sheria bila chumba, nikawa ninakamulia stoo, baina ya makaratasi ya mwaka juzi, mlango nimeuegemeza kiti. Baada ya kuandika barua ya heshima, na wenzangu wawili wakaitia saini, tulipewa chumba chenye pazia na soketi.

Nilinunua pampu ya umeme kwa kudhani ndiyo ufunguo, nikaitumia majuma mawili, nikarudi kwenye mkono. Kila kipande cha pampu kinataka kuoshwa na kuchemshwa, na kazini sikuwa na mahali pa kufanyia hivyo. Kikombe cha chuma chenye kifuniko, kilichochemshwa nyumbani, kilinitosha. Maziwa niliyaweka kwenye kisanduku baridi chenye vipande vya barafu iliyogandishwa sana, yakafika nyumbani salama.

Bibi yangu alipendekeza njia ya nne ambayo hujaitaja: shangazi aliyekuwa na mtoto mchanga amnyonyeshe na wangu. Kwetu hilo si jambo jepesi, kwa kuwa watoto wale wanakuwa ndugu wa kunyonya na hawataoana, na lazima familia zote mbili zijue na zikumbuke. Tuliliacha.

Nesi Mstaafu

Mmefanya vyema kuliacha, na kwa sababu ya pili pia: virusi vya UKIMWI hupita kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo hakuna anayepaswa kumnyonyesha mtoto wa mwenziwe bila kipimo cha karibuni. Mama mwenye virusi anayetumia dawa zake ipasavyo hushauriwa kwetu amnyonyeshe wa kwake. Ila hilo hupangwa na kliniki yake, wala si makubaliano ya jikoni.

Mama Nuru

Nawashukuru sana. Mama mkwe amesikiliza habari ya damu, akanyamaza kidogo, kisha akatoa hoja nyingine: kwamba maziwa yakikaa kifuani kutwa nzima huchacha, hivyo nikirudi jioni nikamue na kuyamwaga kabla ya kunyonyesha. Je, ni kweli? Na umeme ukikatika saa 6 mfululizo, akiba yote imepotea?

Nesi Mstaafu

Maziwa hayachachi ndani ya ziwa. Yakijaa sana hukaza na kuuma, na kuyaacha hivyo siku hadi siku ndiko kunakoleta uvimbe na homa, pamoja na kuuambia mwili upunguze kutengeneza. Ukifika nyumbani nawa, kaa, mpe mtoto. Usiku pia mpe kila anapotaka, kwa kuwa homoni inayotengeneza maziwa huwa juu zaidi saa hizo, na kwa mama anayeshinda kazini usiku ndio unaolinda mchana.

Umeme ukikatika, msiufungue mlango wa jokofu bila haja. Maziwa ambayo bado yana chembe za barafu katikati yanaweza kurudishwa kugandishwa, yaliyoyeyuka kabisa lakini bado baridi yatumike ndani ya siku moja, na yaliyopata joto la chumba yatumike mara moja au yamwagwe. Gandisha kidogo kidogo, mililita 60 au 90 kwa chombo, ili hasara ikija isiibebe akiba yote.

Shangazi wa Moshi

Hakuna aliyeuliza kuhusu zile saa 2 za kunyonyesha ambazo sheria ya Tanzania inampa mama kila siku ndani ya saa za kazi. Kwa Kigamboni na Posta najua hazikutoshi kwenda na kurudi, foleni ya pantoni pekee inazimaliza. Lakini huna ndugu ng'ambo ya mjini?

Mama Nuru

Ninaye dada wa baba yangu Ilala, na nimempigia jana baada ya kusoma ujumbe wako. Amekubali mtoto na dada wa kazi washinde kwake Jumatatu hadi Jumatano, nami nitakwenda kumnyonyesha saa 6 mchana. Alhamisi na Ijumaa atabaki Kigamboni na maziwa niliyokamua. Nafikiria kuweka kopo moja kabatini kwa dharura.

Nesi Mstaafu

Hapo kwenye kopo sikubaliani nawe. Kopo likiwepo, dada wa kazi atalifungua siku ya kwanza mtoto akilia.

Baba Pacha

Nami sikubaliani na Nesi, kwa heshima zote. Siku pantoni imeharibika na jokofu liko tupu, mtoto hawezi kungojea msimamo wetu. Liwekwe, ila dada afundishwe kulitengeneza mbele yenu mara tatu, na lisifunguliwe kabla hajapiga simu.

Binti wa Kisauni

Mimi niliteseka na jambo dogo zaidi: mwanangu aliikataa chuchu ya mpira kabisa, akalia kutwa ya kwanza. Tukahamia kikombe. Anakalishwa wima mapajani, ukingo wa kikombe unagusa mdomo wa chini, naye analamba mwenyewe bila kumiminiwa. Kikombe husafishika kirahisi kuliko chupa. Anza kumzoesha juma hili, mama Nuru, na wakati wa kumlisha wewe utoke nje ya nyumba, kwa sababu akisikia harufu yako hatakubali kikombe cha mtu.

Mama Nuru

Leo nimetoka nikasimama kwa jirani. Amelamba mililita 20, nyingine zimeingia shingoni. Kesho tena.