Kisukari aina ya kwanza na usiku wa kilele Kilimanjaro: insulini, baridi na dozi ya jioni

kaka_wa_uru

Wakuu, shikamoo kwa wakubwa, na wengine habari zenu.

Nina kisukari aina ya kwanza. Natumia insulini ya mchanganyiko 30/70, ya kichupa na bomba la sindano: uniti 24 asubuhi, 14 jioni. Mwezi wa saba napanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku 6, pamoja na ile siku ya ziada ya kuzoea pale Horombo, kambi ya katikati ya njia. Daktari wa kliniki hajakataa, ila anataka nimpelekee mpango ulioandikwa.

Yanayonitatiza ni matatu. Insulini nitaibebaje isigande? Usiku wa kilele, tunapotoka Kibo, banda la mwisho kabla ya kilele, saa sita usiku, dozi ya jioni inakuwaje? Na mashine ya sukari nasikia hugoma kwenye baridi, ikigoma nifanyeje?

Kama kuna jambo nilipaswa kuuliza na sijauliza, naomba mniambie.

sista_kliniki

Kaka, nianze na dozi ya jioni, kwa sababu hatari kubwa iko hapo kuliko kwenye baridi.

Katika 30/70, asilimia 70 ni ile insulini nyeupe inayofanya kazi taratibu. Kwenye uniti zako 14 za jioni, karibu 10 ni hiyo. Nguvu yake hufika juu kabisa kati ya saa 4 na saa 12 baada ya kujichoma. Kibo chakula cha jioni huliwa mapema ili watu walale. Ukijichoma saa kumi na mbili jioni, hesabu mwenyewe: insulini inakuwa kali kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ndio muda uleule unaopanda kutoka mita 4,720 hadi mita 5,895. Misuli inavuta sukari, insulini inaivuta, na tumbo kwa mwinuko ule halitaki chakula. Sukari ikishuka kwenye changarawe za kwenda Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, saa tisa usiku, gizani, mwenzako ataona tu mtu aliyechoka kama wengine.

Ubaya mwingine wa mchanganyiko ni kwamba huwezi kupunguza sehemu moja bila nyingine. Kwa hiyo ombi la kwanza kwa daktari liwe hili: kama inawezekana, akuhamishie kwenye insulini mbili zilizotengana, moja ya msingi na moja ya chakula, na afanye hivyo miezi 2 au 3 kabla ya safari. Usibadilishe wiki ya mwisho. Unahitaji muda wa kujua mwili unaitikiaje, na kuujua kwa kutembea. Fanya matembezi ya saa 6 hadi 8 ukiwa na begi mgongoni, walau mara tatu, moja yake usiku, na uandike namba za sukari kila saa. Daftari hilo ndilo litakalompa daktari msingi wa kukukatia dozi ya jioni ya Kibo. Kiasi cha kupunguza hakipangwi na watu wa mtandaoni, mimi nikiwemo.

Ikishindikana kuhama, mwambie daktari wazi saa ya kula, saa ya kuondoka na makadirio ya saa za kutembea. Wengi husema tu "napanda mlima", naye anadhani ni kutembea mchana.

Jambo moja usilibadilishe kamwe: insulini ya msingi haiachwi eti kwa sababu hujala. Mtu anatapika kwa mwinuko, anaogopa sukari kushuka, anaruka dozi nzima, na kesho yake ketoni, zile asidi za mwili uliokosa insulini, zimejaa mwilini. Hupunguzwa, haiachwi.

mwongozaji_marangu

Ndugu yangu, niongeze upande wa njia yenyewe.

Marangu umechagua vizuri kwa hali yako, kwa sababu ni njia pekee yenye mabanda ya kulala. Unapimia sukari mezani, chini ya paa. Lakini banda si chumba chenye joto. Horombo mwezi wa saba maji ya nje huganda alfajiri, na Kibo hata ndani unavaa koti. Kileleni kabla ya jua kuchomoza kunaweza kufika nyuzi -10 hadi -20, na upepo unaongeza ukali.

Insulini iliyoganda hata mara moja ni ya kutupa. Usidanganywe na sura yake: ikiyeyuka inaweza kuonekana sawa kabisa na isifanye kazi, au ifanye nusu. Kwa hiyo haikai kwenye begi la mgongoni, haikai kwenye mfuko wa nje wa koti, na kamwe haiendi kwenye mzigo wa mpagazi, maana mpagazi hutangulia na mzigo hukaa nje kwenye jiwe ukikungoja.

Mahali pake ni kifuko cha shingoni au kiunoni, kati ya nguo ya kwanza na sweta. Isiguse ngozi moja kwa moja kutwa nzima, maana ukitoka jasho inapata joto kupita kiasi, na vichupa vilivyofunguliwa huwa havitakiwi kuzidi nyuzi 25 au 30. Usiku ingia nayo kwenye begi la kulalia, iwe usawa wa tumbo. Wengi wanakosea hapa: wanaweka chupa ya maji ya moto miguuni na insulini pembeni yake. Maji yale yanaiharibu kama barafu inavyoiharibu. Na vile vifuko vya kuloweka maji vya kupozea insulini viache nyumbani. Ni vya joto la Dar, mlimani vinaganda.

Beba mara mbili ya unayohitaji, na ugawe: nusu kwako, nusu kwa mwongozaji mkuu, naye akae nayo mwilini vilevile. Mwonyeshe hapo getini, si Kibo. Kichupa kimoja kikianguka kwenye mawe ya Horombo, safari haijaisha.

Halafu kuna jambo la kichupa ambalo halizungumzwi. Kichupa kilichofungwa Moshi kina hewa ya Moshi. Ukifika Kibo hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo iliyo ndani inasukuma. Ukichoma sindano, bomba linaweza kujijaza lenyewe na kuingia mapovu, nawe ukavuta uniti pungufu bila kujua. Usiingize hewa kama ulivyozoea. Ingiza kwanza sindano tupu kichupa kikiwa wima, mdomo juu, ili presha itoke, ndipo ugeuze na kuvuta taratibu. Kagua mapovu kwa tochi. Na hiyo nyeupe uivingirishe viganjani mara 10 hadi 20 mpaka iwe rangi moja, kwa sababu ikiwa baridi huchanganyika vibaya.

kaka_wa_uru

Asanteni sana, hilo la presha ya kichupa sikuwahi kulisikia. Maswali mawili zaidi. Kundi letu limeshauriwa kumeza Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, je, kwa mtu wa insulini ni salama? Na sukari ya dharura ni bora glukosi ya unga au chokoleti?

sista_kliniki

Chokoleti hapana. Mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu, na kwenye baridi inakuwa jiwe. Juisi za pakiti zinaganda. Glukosi ya unga ni nzuri, lakini usibebe kopo. Pima kwa mizani nyumbani vifuko vya gramu 15, vifungwe vizuri, vijazwe mifuko miwili tofauti ya koti. Unaweza kumwaga kimoja kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai. Beba visivyopungua 12 kwa usiku huo mmoja.

Sukari ikiwa chini ya 4.0 (kwa mmol/L, kama namba zangu zote za sukari na ketoni): gramu 15, subiri dakika 15 ukiwa umekaa, pima tena, rudia kama bado. Ikirudi, kula biskuti au kipande cha mkate ndipo uendelee. Huku ukitembea, usingoje ishuke. Gramu 20 hadi 30 za wanga kila saa ni mwanzo mzuri wa kujaribia kwenye yale matembezi ya nyumbani: ndizi moja ya kuiva, au biskuti chache. Kuondoka Kibo, usitoke ikiwa chini ya 7. Kula kwanza, pima tena. Kati ya 8 na 12 uko pazuri. Usishangae pia ikipanda bila kula, kwa wengine mwinuko na baridi huamsha homoni zinazopandisha sukari. Ikizidi 15, pima ketoni za damu. Zikiwa 1.5 au zaidi, hupandi. Zikifika 3.0 ni dharura, unashushwa hospitali usiku huohuo.

Angalizo moja, na ni la kweli kabisa: unga wa glukosi ukibaki kidoleni, mashine itasoma sukari ya kidole, si ya damu. Unapima 3.2, unakula, unapima tena inasema 14, unaridhika na bado uko chini. Futa kidole kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kikauke, ndipo utoboe.

Diamox haikatazwi moja kwa moja kwa mwenye kisukari, lakini inaongeza mkojo na inasogeza damu upande wa asidi, na ketoni nazo zinafanya vivyo hivyo. Ukiwa unatapika na huku unaimeza, mambo mawili yanasukuma upande mmoja. Ongea na daktari wako kuhusu figo zako na mzio wa salfa kabla hujaigusa. Deksamethasoni, dawa nyingine ya mwinuko, ni hadithi nyingine: hupandisha sukari vibaya sana. Ikibidi kutolewa kwa uvimbe wa ubongo itolewe, maana inaokoa maisha, lakini aliyekupa ajue kuwa unashuka huku ukipimwa kila saa.

Mweleze pia daktari macho na miguu. Kama hujachunguzwa macho mwaka huu, chunguzwa kabla ya kulipia safari. Miguu ikaguliwe kila jioni kwa tochi, vidole kimoja kimoja. Mwenye ganzi hasikii lengelenge wala baridi kali.

mwongozaji_marangu

Hapo kwenye kuchanganya dalili ndipo waongozaji tunahitaji kuambiwa mapema. Kuyumba, kuchanganyikiwa, kichwa kuuma, kutapika: sukari ikishuka ni hizo, mwinuko ukimshika mtu ni hizohizo. Utaratibu wa kumwandikia mwongozaji kwenye karatasi, kwa Kiswahili, ni huu: pima kwanza. Mashine ikigoma, chukulia ni sukari kushuka, mpe gramu 15 kama anameza. Mara mbili, dakika 15 na 15. Asipopata nafuu, ni mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo: shusheni, msingoje asubuhi. Asiyeweza kumeza asitiwe kitu mdomoni. Mlazeni kwa ubavu, achomwe glukagoni, sindano ya kupandisha sukari, kama ipo. Wawili wafundishwe kuichanganya na kuichoma mkiwa bado Mandara, banda la kwanza, mchana, mikono ikiwa na joto.

msafiri_minnesota

Salamu kutoka kwenye baridi. Huku Januari hemani nyuzi -20 ni kawaida, kwa hiyo nichangie la mashine.

Mashine nyingi zinafanya kazi kuanzia nyuzi 10 kwenda juu. Chini ya hapo hazikosei tu, zinakataa na kuonyesha alama ya joto. Iweke pamoja na kichupa cha stripu (vile vipande vya kuwekea damu) kwenye kifuko kimoja na insulini, na kabla ya kupima ikae kwapani dakika 5 hadi 10. Betri za ziada zikae hapohapo. Betri baridi huonekana zimekufa, zikipata joto zinarudi. Kidole kikikosa damu, zungusha mkono mzima kama unarusha kombeo mara 20, ndipo utoboe.

Soma karatasi ya stripu zako. Zile zinazotumia kimeng'enya cha glukosi oksidesi huathiriwa na upungufu wa oksijeni na zinaweza kusoma juu ya ukweli. Zinazotumia glukosi dihidrojenesi hazisumbuliwi sana. Vihisi vya kubandika mkononi navyo vina kikomo cha mwinuko, vingine karibu mita 3,000 tu, kwa hiyo kuanzia Horombo visikuondolee kutoboa kidole. Beba mashine mbili za aina moja, ili stripu ziingiliane.

sista_kliniki

La mwisho, maana naona mpango wako wote unaishia Uhuru, kileleni. Usiku unaofuata, mkiwa mmerudi Horombo, misuli bado inajaza akiba yake na insulini inafanya kazi kwa nguvu kuliko kawaida. Umechoka, unalala kama gogo, husikii dalili. Dozi ya jioni hiyo nayo iwe kwenye karatasi ya daktari. Kula kabla ya kulala, usilale ukiwa chini ya 8, mwambie wa kitanda cha pili, na uweke kengele saa nane usiku ya kupima.