Kopo la maji la Probox limepasuka chini: nizibe au ninunue jingine?

Isevya77
Wakuu, salaam. Gari ni Probox ya injini 1NZ, iko Tabora mjini. Kopo la akiba la maji ya rejeta lina ufa wa kama sentimita 4 chini kwenye mshono. Likijazwa jioni, asubuhi ni tupu. Fundi mmoja anasema supagluu inatosha. Mwingine anasema nijaze rejeta tu, kopo si lazima. Jumamosi linatakiwa liende Kigoma kupitia Urambo na Uvinza. Nimsikilize nani?

FundiUjiji
Usimsikilize yeyote kati yao, na huyo wa pili ndiye atakayekuulia injini.

Kwenye gari lako mfuniko wa presha uko juu ya rejeta yenyewe, umeandikwa 0.9 au 1.1. Kopo halibebi presha. Maji yakipata moto yanatanuka, yanasukuma mfuniko na kuingia kwenye kopo. Injini ikipoa, rejeta inayavuta tena kwa ule mpira mwembamba. Kopo likiwa tupu inavuta hewa. Kila ukiwasha na kuzima, maji yanapungua kidogo na hewa inaongezeka, na sensa ya joto ikishakaa kwenye hewa badala ya maji, dashibodi inakuonyesha mambo shwari huku silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) inapinda.

Supagluu: geuza kopo usome chini, mengi yameandikwa >PP<, yaani polipropilini. Plastiki hiyo haishikani na gundi. Supagluu, gundi ya kuchanganya, silikoni, zote zinakauka juu yake kama gamba, kopo likipata joto linatanuka na gamba linabanduka. Utalivua kwa kucha.

Jingine la mtumba lipate kama linapatikana. Likague juani: plastiki iliyogeuka njano iliyokolea na kulia kwa ukavu ukiibonyeza, iache dukani, hiyo nayo imechoka.

Kaliua_Spea
Nakubaliana na Fundi, ila kwa kopo lisilo na presha kuchomelea kunakaa vizuri kukifanywa na mtu mtulivu. Hata wale wanaoziba ndoo na mabeseni sokoni wanaweza, mradi uwasimamie kwenye haya.

Livue, limwage, lioshe kwa maji moto na sabuni, kisha likauke kabisa. Unyevu ukibaki ndani ya ufa unachemka wakati wa kuchomelea na kuacha vitundu kama vya mkate. Toboa tundu la milimita 2 au 3 kwenye kila ncha ya ufa. Usiporuka hatua hii ufa hautembei tena. Ukiiruka, wiki ijayo utaukuta umepita pembeni ya kiraka. Halafu chonga mfereji wa umbo la V juu ya ufa, kina kisizidi nusu ya unene.

Plastiki ya kujazia lazima iwe ya aina ileile. Kata vipande vyembamba kutoka kopo bovu la gari, au ndoo yenye pembetatu ya namba 5. Namba 2 ni plastiki nyingine, itaonekana imeshika lakini inachomoka yote kama uzi. Kwa chuma cha kuchomelea risasi (kile cha mafundi redio), yeyusha ukingo wa kopo na kijiti kwa pamoja, vichanganyike. Wengi hudondosha plastiki ya moto juu ya kopo la baridi, hicho ni kiraka cha kuonyesha picha tu. Ikitoa moshi na kuwa nyeusi umeiunguza, ikwangue uanze upya. Kwa ufa wa mshono zamisha pia kipande cha wavu wa chuma wa dirisha, kisha funika kwa plastiki. Liache lipoe lenyewe, usilimwagie maji.

Kulijaribu: jaza maji ya moto, liweke juu ya karatasi kavu nusu saa.

Reli_ya_Kati
Naongezea kwa watakaosoma wenye magari ya Ulaya. Kama rejeta haina mfuniko na kopo ndilo lenye mfuniko wa kuzungusha wenye alama ya presha, hilo halichomelewi. Linabadilishwa, pamoja na mfuniko wake. Linabeba presha ya baa moja na zaidi, na kiraka kikiachia mtu akiwa ameinama juu ya injini, uso unaungua.

Na msidharau presha hiyo. Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji matupu yasiyo na presha yanachemka karibu nyuzi 96. Injini nyingi hufanya kazi kwenye 90 hivi. Kopo la namna hiyo likivuja, nafasi iliyobaki ni finyu mno.

Tena, kopo jipya likipasuka ndani ya miezi michache, acha kulaumu plastiki. Washa injini ikiwa baridi, mfuniko ukiwa wazi. Mapovu yasiyoisha, au mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu ndani ya dakika moja baada ya kufunga, ni gesi ya silinda inapita kwenye gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini.

Isevya77
Shukrani wakuu. Fundi wa kuchomelea kapatikana, lakini ni Jumatatu. Kwa safari ya Jumamosi naweza kufunga chupa ya maji ya kunywa?

FundiUjiji
Hapana kaka, chupa hizo zinalegea kwenye nyuzi 70 hivi na kujikunja. Tafuta kidumu kigumu cha lita 2, kisafi, kisichowahi kuwekwa mafuta. Toboa mfuniko matundu mawili: moja la ule mpira mwembamba wa rejeta, jingine la kupumulia. Mpira ufike karibu na sakafu ya kidumu na daima uzame majini. Kifunge mbali na feni na bomba la moshi.

Jaza rejeta injini ikiwa baridi, washa bila mfuniko, hita kwenye moto wa mwisho, minya mpira wa juu mara kwa mara mpaka feni iwake na mapovu yaishe. Ongeza, funga, kidumu kiwe nusu. Tumia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi. Ukiyaomba dukani kama "maji ya betri" soma chupa, wasikupe asidi.

Urambo simama, zima, subiri hadi mpira wa juu ushikike kwa kiganja, ndipo uangalie kidumu. Maji yakiwa yamepungua chini ya ncha ya mpira, ongeza kabla ya kuondoka.