Wastaafu na wazee wa Tabora na Kigoma mnaosoma mtandaoni bila kulipa, tupeane uzoefu

Mstaafu wa Isevya
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naleta uzi huu kwa sababu hapa mtaani kwetu Tabora wastaafu tukishakunywa chai ni bao na kikotoo cha mafao, bao na kikotoo, mpaka jua linazama. Sisemi vibaya, kikotoo kinaongeleka. Ila nimegundua kuna wenzetu wako kimya wanasoma kozi kwenye simu na hawatoi hata mia, sasa mbona hamsemi?

Mimi nilikuwa fundi upande wa reli, nikafika 60 nikaaga. Mtoto wa dada yangu akanionyesha OpenLearn, ni ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, ipo tangu 2006 na ina kozi karibu elfu moja. Unajiandikisha kwa barua pepe basi, hawaulizi cheti cha fomu four wala umri. Nilianza na mambo ya umeme na nishati maana ndo ninayoyajua, sasa hivi niko kwenye historia. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kozi unaweza kuidaunlodi yote kama PDF, ukaenda nayo shamba Uyui ambako mtandao ni wa kuotea, ukakaa unasoma hata wiki nzima. Ukimaliza wanakupa karatasi ya kuonyesha umeshiriki, na yenyewe bure, ingawa kwa sisi wastaafu cheti sio ishu.

Haya tuambiane, unasoma nini, unasomea wapi, kimekusaidia nini na wapi pamekushinda. Wasiosoma pia karibuni ila msituharibie uzi.

Gungu Boy
Mzee shikamoo. Hiyo si ndo ile OUT, Chuo Kikuu Huria chetu cha Tanzania, yenye kituo hapa Kigoma?

Mstaafu wa Isevya
Marahaba mwanangu. Hapana, hivyo ni viwili tofauti. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992, wanafunzi wakaanza 1994, pale unasomea digrii kamili na ada unalipa. Hii ya Uingereza ninayosema ni vikozi vya kujisomea tu, hautoki na digrii.

Hisabati Mpaka Kaburini
Nimefundisha hesabu sekondari maisha yangu yote, huku Nzega na baadae Tabora mjini, na wanafunzi wangu humu najua mpo, kaeni vizuri. Mimi nawaambia habari ya chuo cha MIT. Hawa jamaa wa Marekani walitangaza mwaka 2001 kwamba masomo yao watayaweka wazi kwa dunia nzima, na wakafanya kweli, hujisajili popote, unafungua unasoma. Kuna mzee mmoja pale anaitwa Gilbert Strang anafundisha matriksi (majedwali ya namba) na vekta (unaweza kuzichora kama mishale), zile video zake maarufu zilirekodiwa 1999, anatumia ubao na chaki kama sisi tu, hana mbwembwe za slaidi. Nilichokuwa nafundisha fomu four kama kanuni za kukariri, yule mzee anakuonyesha kwamba matriksi ni safu wima za vekta unazichanganya, na mfumo wa milinganyo hauna jibu pale ambapo upande wa kulia haufikiki kwa kuchanganya zile safu. Nilisimamisha video nikachukua daftari nikachora mwenyewe, mishale miwili kwenye karatasi, ikalala kwenye mstari mmoja, nikaona kabisa kwa nini jibu haliwezi kupatikana. Miaka yote ile nilikuwa nawaambia watoto "determinanti ni sifuri kwa hiyo hakuna jibu moja", yaani ile namba unayoikokotoa kutoka kwenye matriksi, na wao wanaandika.

Na yule mzee kastaafu 2023 akiwa na miaka 88. Sisi huku tunaondoka na 60 tunaambiwa tumechoka.

Kingine kwa walimu wenzangu, Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao, vitabu vya kiada unasoma bure. Wajukuu wakija na homuweki sihangaiki kutafuta kitabu.

Gungu Boy
Mwalimu tunakubali 🙌🏾 ila hii "bure" wazee wangu mnaisifia sana. Bando nani ananunua? Video moja ya lisaa inakula kifurushi cha wiki.

Hisabati Mpaka Kaburini
Shusha ubora wa picha mpaka 240 au hata 144, ubao bado unasomeka. Na ukikuta video ina maandishi yake pembeni, daunlodi maandishi, achana na video. Maandishi hayali bando.

Mama Mawese
Mwakeye wana Kigoma, na wa Tabora hamjambo. Mimi sio mstaafu wa serikali, hakuna aliyenipa mafao, ni mfanyabiashara wa mawese na migebuka hapa Mwanga tangu ujana wangu, sasa watoto ndo wanazunguka mimi nakaa na mahesabu. Nasoma Kifaransa kwa Duolingo. Watu wananicheka wanasema bibi Kifaransa cha nini, Warundi wanajua Kiswahili, watu wa Kalemie kule Kongo nao Kiswahili ndo chao. Kuongea tunaelewana sana hakuna shida. Shida ni makaratasi! Risiti, fomu za mpakani, lebo za kwenye mifuko, vyote Kifaransa, na ukiwa hujui kusoma unamtegemea dalali akusomee na dalali anasoma anavyotaka yeye.

Siku moja ikaletwa kwangu karatasi ya mzigo, dalali anasema hapa kuna gharama ya ukaguzi, mimi nikaitazama nikaona neno la kwanza linasema "déjà payé", imeshalipwa hiyo. Sikupiga kelele, nilimwomba tu anisomee tena taratibu. Alisoma vizuri safari ya pili.

Ubaya wa ile apu, inafundisha kupitia Kiingereza, kwa hiyo kama Kiingereza nacho ni cha kuungaunga unabeba mizigo miwili. Na ya bure ina matangazo, ukishaitumia sana inakuzuia mpaka usubiri. Nikizuiwa nasikiliza RFI, ile redio ya Ufaransa, wana habari za Kifaransa chepesi, wanaongea pole pole, nasikiliza huku nachambua dagaa.

Nyuki wa Sikonge
Mama Mawese nimecheka hiyo ya dalali 😂

Mimi sina kozi rasmi, shule yangu ni Youtube. Nilikuwa kwenye ofisi ya halmashauri, nikastaafu nikaingia kwenye asali, na Tabora bila asali ni nini. Nataka niwatahadharishe wanaojifunza ufugaji nyuki mtandaoni. Video nyingi ni za Wazungu, na nyuki wao ni wapole mno, utaona mtu kavaa kaptula anafungua mzinga anaongea na kamera. Nyuki wa kwetu wa miombo ukimfanyia hivyo tunakuzika. Nyuki wetu ni wakali na ukiwasumbua sana wanahama mzinga wote, asubuhi unakuta kweupe. Wale wa Ulaya wanafundisha jinsi ya kulisha nyuki sukari wavuke baridi ya theluji, kwetu theluji iko wapi, sisi tatizo letu ni kiangazi na moto wa porini.

Kwa hiyo mimi nachuja. Kilichonifaa ni usafi wa kuvuna, kuchuja asali bila kuichemsha, na kupima maji kabla ya kufunga ndoo maana asali yenye maji mengi inachacha, ukifungua inatoa povu. Habari ya mizinga na nyuki wenyewe nawauliza wazee wa huku na wale waliosoma chuo chetu cha nyuki hapa Tabora. Mtandao haujui pori la Sikonge.

Sista Mstaafu Ujiji
Poleni na majukumu. Nilikuwa muuguzi. Walioishi Kigoma wanakumbuka 2015 wakimbizi wa Burundi walivyojaa Kagunga pale ufukweni, kipindupindu kikaingia, meli ya Liemba ikawa inasomba watu kuleta mjini. Nilikuwa kazini kipindi kile. Tulifanya tulichokijua. Nilipostaafu nikakutana na kozi za Shirika la Afya Duniani, enzi hizo zinaitwa OpenWHO, zilianza 2017, bure kabisa, kipindupindu ipo, Corona ilipoingia wakaweka mpaka ya Kiswahili. Nilisoma ile ya kipindupindu nikiwa naifananisha na yale niliyoyaona, na kuna mambo nilikuwa nayafanya kwa mazoea ndo nikajua sababu yake. Kwa nini unaanza na maji ya chumvi na sukari hata kabla maabara hawajajibu, kwa sababu anayeua ni ukavu wa mwili, na unaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu zake ndani ya masaa.

Sasa Mzee wa Isevya amesema kama vile cheti sio ishu. Hapo nakataa kwa heshima. Mimi vile vyeti nilivichapisha stesheneri, nikaenda navyo kwa watu wa mradi mmoja wa afya waliokuwa wanatafuta wa kufundisha wahudumu wa jamii. Umri wangu waliuona, na cheti cha karibuni wakakiona. Wakanichukua.

Mstaafu wa Isevya
Sista nakusikia. Nilimaanisha sisi ambao hatutafuti kazi tena. Kama unatafuta, chukua karatasi yako. Ila usilipie, hapo ndo watu wanaumia.

Dada wa Kasulu
Kuumia ndo kwenyewe. Wifi yangu, mama mtu mzima, aliingizwa kwenye grupu la Whatsapp, "kozi ya ujasiriamali bure kwa wazee, vyeti vya kimataifa". Siku ya tatu wakasema kozi bure ila ada ya usajili elfu kumi na tano, tuma kwenye namba hii. Akatuma. Wakasema bado ya kuchapisha cheti. Alipouliza akatolewa kwenye grupu. Wazee wangu, kitu cha bure hakina namba ya kutuma hela ya usajili.

Na hizi tovuti kubwa za kozi nazo muwe macho. edX, ile ilianzishwa 2012 na Harvard na MIT, kuna njia ya kusoma bila kulipa ila muda ukiisha wanakufungia, cheti ndo wanauza. Coursera ukiona wanakuambia siku saba za kujaribu na wanaomba namba ya kadi ya benki, ujue siku ya nane wanakata. Usiweke kadi. Alison nao ni bure kusoma, matangazo mengi, cheti kwa hela.

Mzee Mtu ni Afya
Mimi mtu wa Kibondo. Nyie mnashangaa kusoma kwa mbali, sisi tumesoma kwa redio. 1973 ile kampeni ya Mtu ni Afya, jioni kijiji kinakusanyika kwa mwenye redio, kiongozi wa kikundi ana kitabu chake, kipindi kikiisha mnajadili, na kesho yake mnashika majembe mnachimba vyoo. Baba yangu alikuwa hajui a wala e na alichangia kuliko wote. Mimi nilikuwa kijana, kazi yangu kusoma kitabu kwa sauti.

Sasa hizi kozi zenu nimejaribu, lugha ndo imenishinda. Kiingereza changu ni cha darasa la nane la zamani. Ninachouliza, za Kiswahili ziko wapi?

Hisabati Mpaka Kaburini
Mzee wangu swali lako ndo swali kubwa la uzi huu na jibu lake sio zuri. Ni chache sana. Youtube unaweza kuwasha maandishi ya chini na kuyageuza Kiswahili, inasaidia kushika mwelekeo, ila ile ni mashine, kwenye somo la hesabu ilinitafsiria "root", yaani jibu la mlinganyo, kama mzizi wa mti wa kuchimba, nikaizima.

Nyuki wa Sikonge
Kwani tusifanye kama zile enzi za redio alizosema mzee wa Kibondo? Mwenye Kiingereza anasoma wiki hii, anarekodi sauti dakika kumi kwa Kiswahili anatuma kwenye grupu, wengine tunauliza. Sauti haili bando, na asiyeona vizuri anasikiliza. Mwalimu anzia wewe.

Hisabati Mpaka Kaburini
Mimi nitawapa matriksi mtakimbia. Sista aanze na presha na kisukari, hayo yanatuhusu wote.

Sista Mstaafu Ujiji
Nipo tayari. Presha kwanza, maana najua humu kuna watu wanameza dawa siku wanayoumwa kichwa tu. Nitarekodi Jumapili baada ya misa.

Mzee Mtu ni Afya
Nipo. Mniunge kwenye hilo grupu, mjukuu atanisaidia. Halafu hii simu maandishi ni madogo mno, nimesoma uzi huu kwa kuinyoosha mkono mpaka bega linauma.

Gungu Boy
Shikamoo babu. Nenda kwenye mipangilio, tafuta skrini au onyesho, kuna ukubwa wa maandishi, buruta kale kaduara kwenda kulia mpaka mwisho.

Mzee Mtu ni Afya
Marahaba mjukuu wangu, imekubali. Yamekuwa makubwa mpaka meseji ya mdeni wangu jirani kaisoma akiwa barazani kwake.