Tawi la majaribio tunalitumia wote, historia imechafuka. Nyie mnafanyaje?

msimbo_safi (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Timu yetu inatumia Git kutunza historia ya msimbo, na tuna tawi moja (mkondo wa kazi wa pembeni) linaitwa `majaribio`. Seva ya majaribio inasoma tawi hilo tu, kwa hiyo mtu akitaka kuona kazi yake ikitembea, lazima aisukume humo. Baadaye tunaliunganisha lote na `main`, tawi kuu. Sasa cheki `git log`, orodha ya komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa):

```
a91c3e2 jaribu tena
5d07fb8 rekebisha
c2e4410 rekebisha ya jana
0b8f9d1 sasa itakubali
```

Nikisafisha kwa ribesi (`git rebase`, kuandika upya komiti), wenzangu wakivuta (`git pull`) wanakutana na migongano ya ajabu, na komiti nilizofuta zinarudi kama zilivyokuwa. Naomba ushauri.

Bi_Terminali
Ribesi mnaionea. Tatizo ni kwamba `majaribio` mmeigeuza njia ya kuingilia `main`. Kila kazi ianzie `main` kwenye tawi lake, na iingie `main` kutoka tawi hilohilo. `majaribio` liwe la kubomoa na kujenga tu: linarudishwa lilingane na `main`, matawi ya kazi (hapa `malipo` na `ripoti`) yanaunganishwa humo, kisha linasukumwa kwa nguvu:

```
git switch majaribio
git reset --hard main
git merge --no-ff malipo
git merge --no-ff ripoti
git push --force-with-lease
```

Hata mradi wa Git wenyewe una tawi la hivi, linaitwa `seen`. Linajengwa upya kila mara na hakuna anayeanzishia kazi juu yake.

nukta_mkato
Mnajitafutia kazi. Unganisha kwa `--squash`, takataka zote ziwe komiti moja, maisha yaendelee.

Bi_Terminali
@nukta_mkato kwa kazi ndogo, sawa. Ila mistari 2,000 ukiibana kwenye komiti moja, siku `git bisect` (inayosaka komiti iliyoleta kosa) ikikwambia kosa liko humo, bado hujaambiwa kitu. Na ukiendelea na tawi lilelile baada ya hapo, Git haijui kuwa kazi ile ilishaingia, migongano inaanza upya.

Mimi wakati najaribu naandika `git commit --fixup=<komiti>`, halafu kabla ya kuomba ukaguzi napiga `git rebase -i --autosquash main`. Zile "jaribu tena" zote zinamezwa na komiti zinazohusika. Na kwa kuwa ni tawi langu peke yangu, simsumbui mtu.

msimbo_safi
Shukrani dada. Ila tukijenga upya kila siku, si tutatatua migongano ileile kila siku?

mzee_wa_shell
Washa `git config rerere.enabled true`. Git itakumbuka ulivyotatua, mgongano ukijirudia inaweka jibu lilelile. Kumbukumbu hiyo inakaa kwenye mashine yako tu, kwa hiyo chagueni mjenzi mmoja. Na ukitatua vibaya itakumbuka vibaya vilevile. Hapo ndipo pa `git rerere forget <faili>`.

Wengine waache `git pull` kwenye `majaribio`, ndiyo inayofufua hizo komiti zako. Wafanye `git fetch` (kuleta mabadiliko ya seva bila kuyaunganisha) kisha `git reset --hard origin/majaribio`, wakihakikisha kwanza hawana kazi ambayo hawajaihifadhi, maana itafutika.

Halafu `--force-with-lease` (kusukuma kwa nguvu, ila ikatae kama kuna kazi ya mwenzako hujaiona) msiiamini kupita kiasi. Kama kihariri chako kinafanya `fetch` chinichini, itadhani umeshaiona kazi ya mwenzako na itaifuta bila kukuuliza.

msimbo_safi
Nimekupata mkuu. Kuna mwenzetu tawi lake alilianzisha juu ya `majaribio` haya machafu. Tukibomoa yeye inakuwaje?

mzee_wa_shell
Kabla hamjabomoa apige:

`git rebase --onto main origin/majaribio tawi-lake`

Zinahamia komiti zake tu, zile ambazo hazimo kwenye `majaribio`. Kama mmeshabomoa, ncha ya zamani (komiti ya mwisho ya kabla ya kubomoa) ataikuta kwenye `git reflog show origin/majaribio`, aiweke mahali pa `origin/majaribio` hapo juu. Ila kama kazi yake inategemea kitu cha mtu mwingine ambacho hakijaingia `main`, aegemee tawi la huyo mtu, sio `majaribio`.